Nani Alinifinyanga?

Hadithi, hadithi!

Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Ndivyo mnavyoitikia, wanangu, nami nazipenda sauti zenu. Ila leo naomba uongo ubaki nyumbani. Nitawapa kigae kimoja kinachosema, pamoja na mfyatua matofali aliyekiokota na bibi mmoja mfinyanzi. Hao watatu ni wa hadithi. Mengine yote ni kweli tupu, na utamu wake unatosha.

Haya, sogeeni.

Mnaijua barabara inayotoka Mikumi kwenda Ifakara. Ukiifuata unapita hapa kwetu Ruaha, mashamba ya miwa kila upande, milima ya Vidunda inakutazama. Ukivuka Mto Ruaha Mkuu umeshaiacha Kilosa, uko Kidatu. Sasa, upande wetu huu wa mto, mfyatua matofali mmoja alikuwa anachimba udongo. Akachimba, akachimba. Jembe likagonga kitu. Kwa!

Akainama. Akaokota kigae. Hakikuzidi kiganja cha mtoto. Nje chekundu, ndani cheusi. Pembeni kina mistari iliyochanjwa kwa kijiti, na kati ya mistari hiyo ipo alama ya kidole gumba.

Kigae kikasema: "Shikamoo, bwana. Mimi zamani nilikuwa shingo ya mtungi. Nimelala kwenye tope, masika yamepita juu yangu mpaka nimechoka kuhesabu. Sikuoza, sikuyeyuka. Ila nimesahau jambo moja. Nani alinifinyanga?"

Mfyatua matofali akashika kichwa. Hakulijua jibu.

"Mjomba, kwa nini hakikuyeyuka? Si ni udongo? Udongo ukinyeshewa unakuwa tope!"

Aa, mwanangu, njoo nikupe mkono. Hilo ndilo swali lenyewe. Watu wazima wengi wamekula na kunywa kwenye vyombo vya udongo maisha yao yote, na hawajawahi kuliuliza.

Fikiria mama anapopika maandazi. Anakanda unga na maji. Donge likiwa bado bichi, akitaka anaongeza maji, likawa uji. Lakini akishalitia kwenye mafuta ya moto, basi. Andazi likiiva limeiva. Hata uliloweke usiku kucha halirudi kuwa unga. Udongo nao una siku yake ya kuiva, na siku hiyo haina kurudi nyuma.

Ndani ya udongo wa mfinyanzi mna maji ya aina mbili. Ya kwanza ni yale uliyomimina wewe ukikanda. Hayo yanaondoka yenyewe chombo kikianikwa kivulini. Maji ya pili huyaoni. Yamefungwa ndani ya chembechembe za udongo wenyewe, tangu ulipokuwa ardhini. Jua haliwezi kuyatoa, hata ungeuanika udongo mwezi mzima. Yanangoja moto. Moto ukifika nyuzi 500, ukapanda mpaka 600 hivi, maji hayo yaliyofungwa yanafukuzwa, na udongo unageuka kuwa kitu kingine kabisa. Hapo ukinyeshewa haujali.

"Na mbona nje chekundu, ndani cheusi?"

Mnaona? Swali moja limezaa la pili. Udongo wetu una chuma ndani yake, kidogo kidogo, chuma kile kile kinachoshika kutu. Moto ukipata hewa ya kutosha, chuma hicho kinakuwa chekundu. Hewa ikikosekana, moshi ukatanda, chombo kinakuwa cheusi. Shingo ya mtungi wetu nje ilipata hewa na ndani ilibanwa na moshi, ndiyo maana kigae kina rangi mbili.

Na msidhani hili liko mbali nanyi. Yale matanuru ya matofali mnayopita mkienda shule, yakifuka moshi siku nzima, ni kazi hiyo hiyo. Tofali la kuchoma na chungu ni ndugu wa tumbo moja. Tofali lisiloiva likinyeshewa linamomonyoka. Lililoiva linajenga nyumba ya mjukuu wako.

Mfyatua matofali akakitia kigae mfukoni, akaenda kwa bibi mmoja aliyekuwa anafinyanga. Maana huku kwetu ndivyo ilivyo: kwa Wakaguru wa Kilosa, ufinyanzi ni kazi ya wanawake, binti akijifunza kwa kukaa karibu na mama na bibi. Akabisha hodi. Bibi hakuinua macho, mikono ilikuwa kazini.

Nataka muitazame mikono hiyo.

Hana gurudumu la kuzungushia. Ana donge la udongo tu, na ameshalichanganya na mchanga. Anatia ngumi katikati ya donge, shimo linatokea. Anavuta kuta juu, taratibu, mkono mmoja ndani, mmoja nje. Anaviringisha udongo mikononi uwe kamba nene, anaizungusha juu ya ukuta, anaibana kwa kidole gumba, anaongeza nyingine. Gamba la kibuyu linakwangua mpaka ukuta uwe mwembamba. Gunzi la muhindi linapitishwa nje. Chombo kikianza kukauka kidogo anachukua kokoto laini ya mtoni, anasugua. Anasugua tena. Anasugua mpaka udongo unang'aa, na hajapaka rangi yoyote.

"Mchanga wa nini, Mjomba? Si unaharibu udongo?"

Hauharibu, unauokoa. Ule mvuke wa motoni unahitaji njia ya kutokea. Udongo mtupu unabana sana, mvuke ukikosa njia chungu kinapasuka, pwaa! Mchanga unafungua vijia. Wafinyanzi wengine husaga vigae vya vyungu vilivyovunjika, wakachanganya unga wake na udongo mpya. Chungu cha zamani kinaingia ndani ya chungu kipya.

Kigae kikasikia hayo, kikaogopa kidogo. Kikasema haraka: "Bibi, usinisage kwanza. Sikuoza, sikuyeyuka. Nani alinifinyanga?"

Bibi akakigeuza, akapitisha kidole kwenye mistari. "Simjui," akasema. "Lakini alikuwa na mkono mwepesi. Tazama, hapa alibana mara moja tu, hakurudia."

Hilo peke yake ni habari kubwa, wanangu. Wapo watu waliosoma kazi hii ya kusikiliza vigae, tunawaita wanaakiolojia. Dakawa mnaijua, hapa hapa Morogoro, ukitoka Dumila kuelekea mjini. Pale wanaakiolojia walichimba wakakuta masalia ya watu waliofua chuma miaka zaidi ya 1,000 iliyopita, na vigae vyenye mistari iliyochanjwa kwa pembetatu. Vigae vya mtindo huo huo vinapatikana pwani nzima, kuanzia Kenya mpaka kusini mwa Tanzania. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ameviandikia sana. Kwa hiyo watu wa huku bara na watu wa pwani walikuwa na mkono mmoja wa kuchora vyungu, kabla hakujawa na reli wala lami. Tumelijua hilo kwa vigae. Vitambaa vilioza, mbao zililiwa na mchwa, vigae vikangoja.

"Sasa kwa nini nyumbani kwetu hatuna mtungi?"

Kwa sababu sufuria lilikuja, mwanangu. Sufuria ni jepesi, likianguka linabonyea tu. Ndoo ya plastiki ikaja, nayo haina kazi nyingi. Mama aliyetembea na mtungi kichwani kutoka mtoni alipopata ndoo alishukuru, na mimi simlaumu hata kidogo. Lakini mtungi una siri ambayo ndoo haina. Ukuta wake unavuja jasho jembamba, jasho hilo likikauka linachukua joto, na maji ya ndani yanabaki baridi, mchana wa Ruaha ukiwaka namna gani. Hautumii umeme wala barafu.

Basi vyungu vikapungua. Mabinti wakaona kazi ya bibi ni ya tope na ya zamani. Yako maeneo ambayo hayakuacha. Kule Ziwa Nyasa, wanawake wa Kikisi wa Ikombe wanafinyanga mpaka leo. Vyungu vyao vinapakiwa kwenye mitumbwi hadi soko la Lyulilo, karibu na Matema, na kutoka hapo vinasambaa mpaka Mbeya na mbali zaidi. Ukiona chungu chepesi chenye ukuta mwembamba sokoni, uliza kama ni cha Wakisi.

Na sasa, wanangu, udongo umerudi kwenye midomo ya watu. Umerudi kwa kishindo. London, New York, Nairobi, watu wanajiandikisha kufundishwa kufinyanga. Makumbusho makubwa, yaliyokuwa yakitoa kuta zao kwa michoro ya rangi na shaba, yanavipa vyungu chumba cha katikati. Mwaka 2022 kwenye maonyesho makubwa ya sanaa kule Venice, Italia, moja ya tuzo za Simba wa Dhahabu ilikwenda kwa Simone Leigh, mwanamke Mweusi wa Marekani aliyeanza safari yake ya sanaa kwa udongo.

Lakini mimi nataka niwasimulie habari za mtoto wa Nairobi.

Mwaka 1950 alizaliwa Magdalene Odundo. Mwaka 1971 alikwenda Uingereza kusomea sanaa. Akiwa huko akaanza kuupenda udongo. Na mwalimu wake mkubwa wa udongo alimpata wapi? Si Uingereza. Mwaka 1974 alifunga safari akarudi Afrika, akaenda Nigeria, kwenye kituo cha ufinyanzi cha Abuja. Pale akakaa na mwanamke aitwaye Ladi Kwali.

"Ladi Kwali ni nani?"

Ahsante kwa kuuliza! Alikuwa mwanamke wa kijiji cha Kwali. Alijifunza kufinyanga kwa shangazi yake, akiwa mtoto. Alipojenga mtungi mkubwa hakuuzungusha mtungi. Aliuzunguka yeye mwenyewe, kwa miguu, kinyumenyume, huku mkono ukipandisha ukuta. Halafu akauchora: mijusi, nyoka, nge, samaki. Mitungi yake ikapelekwa Ulaya na Marekani, naye akaenda huko, watu wakamtazama akifinyanga. Leo ukiishika noti ya naira 20 ya Nigeria na kuigeuza nyuma, utamkuta Ladi Kwali na mtungi wake. Mfinyanzi kwenye noti ya taifa!

Odundo alijifunza kwa akina mama wa Abuja, na kwa wafinyanzi wa Kenya pia. Mpaka leo hatumii gurudumu. Anatia ngumi kwenye donge. Anavuta kuta. Anaongeza kamba za udongo. Anakwangua kwa gamba la kibuyu. Anasugua mpaka udongo unang'aa bila vanishi ya aina yoyote. Mmeshaisikia kazi hii leo, au nimekosea? Ndiyo ile ile ya bibi yetu.

Akimaliza anachoma. Mara ya kwanza anaacha hewa iingie, chombo kinatoka rangi ya chungwa lililoiva. Akitaka cheusi, anakichoma mara ya pili akikibana na vipande vya mbao ndani ya moshi, hewa isipite. Wakati mwingine chombo kimoja kinatoka na rangi zote mbili, nyekundu inaingia kwenye nyeusi taratibu. Moto na hewa ndivyo vinavyochora.

Chungu kina mdomo, kina shingo, kina bega, kina tumbo. Odundo aliyachukua hayo akayakuza. Vyombo vyake vina shingo ndefu zinazoinama kidogo, matumbo yaliyojaa, mdomo uliopanuka. Ukisimama mbele yake unahisi kuna mtu anayetaka kukuamkia. Viko katika makumbusho ya Uingereza kule London, viko New York. Mwaka 2020 alipewa na Uingereza cheo cha Dame, heshima kubwa ya nchi ile.

"Lakini Mjomba, vinawekwa maji?"

Haviwekwi. Na mimi najua unachotaka kuuliza: chungu kisichowekwa maji kina faida gani? Nikujibu kwa dhati. Chungu cha bibi kinapoza maji na kupika maharage, na ni kizuri pia, ila kwa sababu tumekizoea tumeacha kukitazama. Chungu cha Odundo kimeondolewa kazi zote ili kibaki na kazi moja: kutazamwa. Ukishakitazama sana, ukarudi nyumbani, unakiona kile cha bibi kwa macho mapya. Naiona faida hiyo kuwa kubwa sana.

Wala udongo haukurudi kwa uzuri peke yake. Nendeni jikoni mkatazame jiko la mkaa, lile la bati lenye kiuno chembamba. Ndani lina bitana ya udongo uliochomwa. Bitana hiyo inalishika joto lisikimbie, mkaa unadumu. Jiko hilo lilitengenezwa Kenya miaka ya 1980, wataalamu wakiwa wameangalia jiko la ndoo la Thailand na kulibadilisha liwafae watu wetu. Sasa limeenea Afrika Mashariki yote.

Au mchukueni mtu wa Guatemala, mkemia Fernando Mazariegos. Mwaka 1981 alibuni chungu cha kuchuja maji. Mfinyanzi anachukua udongo, anauchanganya na unga wa mbao au pumba za mpunga. Pumba za mpunga! Zile zile zinazolundikana mashineni huku kwetu na kutumika kuchomea matofali. Chungu kikiingia motoni pumba zinaungua zinaisha, zinaacha matundu madogo mno ambayo jicho haliyaoni. Maji yanapenya taratibu, lita moja na nusu au mbili tatu kwa saa, vijidudu vinabaki nyuma. Chungu kinapakwa na madini ya fedha kidogo kuvimaliza vilivyosalia. Uganda wanavitengeneza vyungu vya namna hiyo, kampuni iitwayo SPOUTS ndiyo yenye kiwanda. Mfinyanzi anayejua udongo wake anaweza kumkinga mtoto na kuhara. Nikifikiria hilo natamani kila kata yenye mpunga na udongo iwe na mtu anayejua kazi hii.

Kigae kimekaa kimya muda mrefu. Kimesikia yote. Kikasema: "Sikuoza, sikuyeyuka, na nimefurahi. Lakini huyo Ladi ana jina. Huyo Magdalene ana jina. Mimi je?"

Hapo, wanangu, ndipo moyo wangu ulipo. Ingieni kwenye makumbusho mengi yenye vyombo vya kwetu, hapa na ng'ambo. Mtakuta mtungi mzuri, mtasoma kibao: umetengenezwa na kabila fulani. Basi. Kabila halifinyangi! Kabila zima halikai chini ya mwembe mchana likabana kamba za udongo. Alikaa mwanamke mmoja, mwenye jina, pengine na mtoto mgongoni. Aliyeununua mtungi akaandika bei, akaandika mwaka, jina hakuuliza. Kurudi kwa udongo ninakokupenda mimi ni huku: kwamba sasa watu wameanza kuuliza jina. Mwaka 2022 London kulikuwa na maonyesho ya wanawake Weusi wafinyanzi, kuanzia Ladi Kwali na Odundo mpaka vijana wa leo, na vyungu vilisimama na majina ya waliovifinyanga.

Bibi akakirudisha kigae mkononi mwa mfyatua matofali. Akakiambia: "Jina lako limepotea, na mimi siwezi kukubunia. Lakini kidole chake kiko hapa." Akaweka kidole gumba chake juu ya ile alama. Kikaenea.

"Mjomba, na sisi tunaweza kufinyanga?"

Nilikuwa naomba mliulize hilo! Mnaweza. Tafuteni udongo unaonata, si wa juu wenye majani, ule wa chini. Toeni mawe na mizizi. Viringisha kipande kiwe chembamba, kizungushe kwenye kidole chako. Kikipasuka pasuka, tafuta udongo mwingine. Kikizunguka salama, umeupata. Changanya na mchanga laini kidogo. Kanda mpaka mikono ichoke, kisha kanda tena, upepo utoke. Anza na kibakuli kidogo cha kukaa kiganjani, usianze na mtungi. Tia kidole gumba katikati, bana, zungusha, bana, zungusha. Kikimalizika kiweke kivulini, juani kitapasuka. Kikauke siku nyingi mpaka kibadilike rangi na ukikigusa shavuni kisiwe baridi. Kuchoma ni kazi ya mtu mzima. Mwite bibi anayejua, umshikie kuni.

Na kabla hakijakauka, kigeuze. Chukua mwiba, uandike jina lako chini ya kitako.

"Na kama jina langu ni refu, halitoshi?"

Kitako ni cha mviringo, mwanangu. Andika ukizunguka.